Laptopu ya mtumba: simu inashika Wi-Fi vizuri, yenyewe inachagua tovuti za kufungua. Ni saa, antena, au Windows 7?

#1 Mwalimu_wa_Jioni (Morogoro)
Habari za jioni, wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha ambayo huenda haihitajiki.

Nilinunua Kariakoo laptopu iliyotumika kwa ajili ya binti yangu aliyeanza chuo. Ni mashine ya mwaka 2011, ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha pili, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka na Windows 7 aliyoiweka muuzaji. Betri yake imekufa, hivyo hufanya kazi ikiwa kwenye umeme tu. Kila tukiiwasha asubuhi, kivinjari hukataa karibu kila tovuti na kutoa onyo kwamba muunganisho si salama. Baada ya kuhangaika nayo, baadhi ya tovuti hufunguka na nyingine, hasa ile ya kusajili masomo, hugoma kabisa. Wi-Fi ya nyumbani huishika ikiwa chumba kimoja na rauta, ilhali simu huishika hadi uani. Jioni nyingine jina la rauta hutoweka kwenye orodha mpaka niizime na kuiwasha upya. Hotspoti ya simu yangu haionekani kabisa, lakini ya simu ya zamani ya mama watoto inaonekana.

Fundi wa mtaani ameniambia kadi ya Wi-Fi imekufa, ninunue nyingine. Je, kadi iliyokufa inaweza kufanya kazi nusu nusu namna hii?

#2 Dakika_Tisini
Mwalimu, kabla ya yote, tazama saa na tarehe pale pembeni chini ya skrini mara tu unapoiwasha asubuhi, kisha uje utuambie inasema mwaka gani.

#3 Mwalimu_wa_Jioni
Inasema Januari 2011. Binti huirekebisha kwa mkono, na hapo ndipo baadhi ya tovuti huanza kufunguka. Sikuwa nimeunganisha mambo hayo mawili.

#4 Dakika_Tisini
Basi nusu ya tatizo lako imeshajulikana. Kila tovuti inayoanza na https huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine inayoamini kuwa tuko mwaka 2011 inakiona cheti ambacho muda wake haujaanza, na inakikataa kama inavyopaswa. Kinachotunza saa mashine ikiwa imezimwa ni betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, na kwa kuwa betri kubwa nayo imekufa, ukichomoa waya wa umeme hakuna chochote kinachoishikilia saa. Kwenye laptopu nyingi betri hiyo huwa imefungwa kwenye plastiki na ina nyaya mbili zenye plagi ndogo, kwa hiyo usinunue ile tupu ya dukani kisha fundi akaibandika kwa gundi. Ulizia yenye nyaya.

#5 Nahodha_Mstaafu (Mombasa)
Ndugu yangu Dakika, hapo nina shaka kidogo. Windows hujirekebishia saa yenyewe kutoka kwenye intaneti. Saa ikipotea asubuhi, inapaswa kujirudi mara tu Wi-Fi inaposhika, na Mwalimu amesema Wi-Fi inashika. Mimi ningetafuta sababu kwingine.

#6 Bi_Kiungo (Dar es Salaam)
Nahodha, hujirekebisha pale tu tofauti inapokuwa ndogo. Kwenye Windows 7 ambayo haiko chini ya mtandao wa ofisi, huduma ya saa imewekewa kikomo cha sekunde 54,000, yaani saa 15. Tofauti ikizidi hapo, hukataa kwa sababu za usalama, na hata ukibonyeza kitufe cha kusasisha sasa hivi itakuambia tarehe hailingani na ya seva. Zaidi ya hayo, kwa kawaida huuliza saa mara moja kwa wiki tu. Kutoka 2011 hadi leo hiyo ni safari ndefu kuliko mamlaka iliyopewa.

Hata hivyo, sikubali kwamba betri ndiyo jibu la kila kitu. Mwalimu amesema tovuti ya kusajili masomo hugoma hata saa ikiwa sahihi.

#7 Nahodha_Mstaafu
Nimekuelewa, dada, na ahsante kwa somo. Basi nabadilisha shitaka: huenda ni mtandao wenyewe. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, tulivyoteseka huku pwani tukilaumu simu zetu.

#8 Dakika_Tisini
Nahodha, waya ukikatika baharini hauchagui laptopu ya Mwalimu na kuiacha simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo. Bahari umeizoea sana, mzee wangu.

#9 Bi_Kiungo
Nirudi kwenye tovuti zinazogoma. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kukubali kukaa humo ni toleo la 109. Mashine iliyowekewa Windows kutoka kwenye flashi ya zamani ya muuzaji huwa na orodha ya zamani ya vyeti mama, vile ambavyo vyeti vya tovuti zote huegemea. Kimojawapo kilichotumika sana, ambacho Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya tovuti, ilikiegemea, kiliisha muda wake tarehe 30 Septemba 2021, na siku hiyo vifaa vingi vya zamani duniani viliamka vikikataa tovuti ambazo jana yake vilizifungua. Tovuti nyingi za vyuo na taasisi hutumia Let's Encrypt kwa sababu vyeti vyake ni vya bure.

Kuna jaribio lisilo na gharama. Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti mama na haitegemei ile ya Windows. Pakua toleo la 115 la muda mrefu, ambalo ndilo la mwisho kwa Windows 7, ulipakue kwenye simu na kulihamisha kwa waya ikibidi. Tovuti ya chuo ikifunguka humo na kugoma kwenye kivinjari kingine, mshitakiwa ni orodha ya vyeti ya Windows.

#10 Mkato_wa_Proksi (Arusha)
Samahani, Bi Kiungo, jaribio lako lina tundu. Laptopu nyingi za mtumba zilikuwa za ofisi, na wauzaji wengi hawasafishi kila kitu. Nimeshakuta mashine ambazo bado zina mpangilio wa proksi, yaani seva ya kati inayopitishia intaneti, wa kampuni ya ng'ambo iliyokwisha kuzitupa, na nyingine ambazo programu ya kuvunjia leseni ya Windows imejaza mistari kwenye faili la hosts, lile linaloiambia mashine jina la tovuti liende anwani ipi, ili kuzuia anwani fulani. Kuna pia antivairasi zinazojiweka katikati ya kivinjari na tovuti, zikibadilisha cheti halisi na kuweka la kwao. Hayo yote huzaa dalili ile ile, baadhi ya tovuti kufunguka na nyingine kugoma.

Tundu lenyewe ni kwamba Firefox, isipoambiwa vinginevyo, hufuata proksi ya Windows. Mwalimu anaweza kuijaribu, ikagoma, akahitimisha kwamba vyeti vya Windows havina kosa, kumbe proksi imevigomesha vivinjari vyote viwili. Aingie kwenye mipangilio ya Firefox, achague kutotumia proksi kabisa, ndipo ajaribu.

#11 Bi_Kiungo
Pointi imekubalika. Lakini proksi iliyokufa kwa kawaida hugomesha kila tovuti, si ile ya chuo peke yake. Yako ingekuwa na nguvu zaidi kama Google nayo ingegoma saa ikiwa sahihi.

#12 Mkato_wa_Proksi
Inategemea. Kuna faili za proksi zinazoelekeza anwani moja huku na nyingine kule. Ofisi nyingi huandika hivyo makusudi, ili anwani za ndani zipite njia moja na za nje nyingine.

#13 Bisibisi_Nyota (Mwanza)
Mmejadili vyeti mpaka mmesahau kwamba mtu amesema laptopu haishiki Wi-Fi nje ya chumba. Mimi ni fundi, na jambo hilo ninakutana nalo kila mara. Naomba niulize swali moja: Mwalimu, je, skrini ya mashine hiyo inaonekana mpya kuliko kibodi?

#14 Mwalimu_wa_Jioni
Kweli kabisa. Kibodi imesuguliwa mpaka herufi A na E zimefutika, lakini kioo kinang'aa. Umejuaje?

#15 Bisibisi_Nyota
Nimejua kwa sababu antena za Wi-Fi kwenye laptopu hazipo kwenye kadi. Zipo juu, kwenye fremu ya skrini, na nyaya zake mbili nyembamba hushuka kupitia bawaba hadi kwenye kadi, ambako hubanwa kwa vishikizo vidogo vya duara vya rangi ya dhahabu. Mtu anapobadilisha skrini au mfuniko wake, nyaya hizo hufunguliwa. Fundi mwenye haraka huzirudisha vibaya, au huiacha moja ikining'inia, au huzibana kwenye bawaba zikakatika kwa ndani bila kuonekana. Vishikizo vile ni vidogo kuliko punje ya mchele, na ukivikandamiza vikiwa vimepinda, vinaonekana vimekaa kumbe havijakaa.

Kadi isiyo na antena haifi. Inasikia rauta iliyo karibu na kuipoteza mkisogea kidogo, ndiyo maana fundi wako anasema imekufa na wewe unaona inafanya kazi nusu nusu. Ukiweka kadi mpya kwenye nyaya zile zile mbovu, utalipa na utabaki pale pale.

Pima hivi: weka simu juu ya laptopu, mahali pamoja, usome nguvu ya mawimbi ya rauta kwenye vyote viwili. Kwenye laptopu, fungua dirisha la amri na uandike netsh wlan show interfaces, utaona asilimia ya mawimbi na pia nambari ya chaneli. Simu ikiona mawimbi yamejaa na laptopu ikaona asilimia thelathini zikiwa hapo hapo, fungua mfuniko wa chini kabla ya kufungua pochi.

#16 Mzigo_wa_Deira (Dubai)
Salamu kutoka huku zinakopitia baadhi ya laptopu hizo. Maelezo ya Bisibisi ni mazuri, ila hayaelezi kwa nini jina la rauta hutoweka jioni na kurudi rauta inapowashwa upya. Antena mbovu haiponi kwa kuzima rauta.

Sehemu kubwa ya mashine tunazozipokea ni za ofisi za Marekani, zilizomaliza mkataba wa kukodishwa. Kadi za Wi-Fi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani husikiliza chaneli ya 1 hadi ya 11 tu kwenye gigahezi 2.4, kwa sababu kule chaneli ya 12 na ya 13 zina masharti ya nguvu ndogo na watengenezaji wengi waliamua kuzifunga. Rauta zinazouzwa kwenu nyingi hufika hadi 13. Rauta ikiachwa ijichagulie chaneli, jioni majirani wanapowasha za kwao, inaweza kukimbilia ya 12 au ya 13 ili kukwepa msongamano. Hapo laptopu haiioni kabisa, na simu inaendelea kama kawaida. Ukiizima na kuiwasha inachagua upya, na pengine inaangukia ya 6. Ingia kwenye mipangilio ya rauta, ifunge kwenye chaneli ya 1, 6 au 11.

Kuhusu hotspoti, simu mpya nyingi hurusha gigahezi 5, na mashine nyingi za mwaka huo zilikuwa na kadi ya bei nafuu ya gigahezi 2.4 pekee. Nenda kwenye mipangilio ya hotspoti, chagua 2.4, au kama ni iPhone washa kile kipengele cha kuongeza upatanifu.

#17 Bisibisi_Nyota
Kaka wa Dubai, rauta ikiwashwa upya inaweza pia kuachana na vifaa vilivyokuwa vimeijaza, na antena dhaifu ikaipata tena. Sijasema chaneli haiwezekani, nasema usiiondoe antena kwenye kesi.

#18 Pengwini_wa_Kibo (Moshi)
Wakuu, mambo haya yote yanaweza kupimwa kwa jioni moja. Weka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ile ya Xfce iliyo nyepesi, kwenye flashi, iwashe laptopu kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, urekebishe tarehe, kisha ufungue tovuti ya chuo. Hapo utakuwa umekwepa Windows 7, proksi, hosts na antivairasi kwa mpigo mmoja. Ikifunguka, vifaa havina kosa upande wa tovuti. Mawimbi yakiendelea kuwa dhaifu, Bisibisi ana haki.

#19 Dakika_Tisini
Nilikuwa najiuliza Pengwini atachelewa hadi mchango wa ngapi. Leo amejitahidi, kawaida huingia kwenye wa tatu.

#20 Pengwini_wa_Kibo
Nilikuwa kazini, shemeji.

#21 Mkato_wa_Proksi
Jaribio la Pengwini nalitetea, ingawa nalo lina mtego. Kadi nyingi za Broadcom hazina draiva, yaani programu ya kuziendesha, ndani ya flashi ya Linux, na mtu akiona Wi-Fi haipo kabisa ataamini fundi alisema kweli kuhusu kadi kufa. Mwalimu, ikitokea hivyo, unganisha simu kwa waya wa USB na kugawa intaneti kwa njia hiyo. Jaribio la tovuti litaendelea bila kuihusisha kadi.

#22 Bi_Kiungo
Niongeze tahadhari kwa yeyote anayefikiria kununua kadi. ThinkPad na HP nyingi za miaka ile zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa ndani ya biosi, ile programu ya kuiwasha mashine, na ukiweka nyingine mashine hukataa kuendelea kuwaka mpaka uitoe. Kwenye ThinkPad hutokea kosa nambari 1802. Kadi yenyewe iwe Mini PCIe, maana zile za M.2 zinazouzwa sasa hazitaingia kwenye tundu hilo. Kwa mashine ya bei hiyo, adapta ya Wi-Fi ya USB yenye antena ya nje ni nafuu na haipiti kwenye orodha yoyote. Ziepukeni zile ndogo kama ukucha, kwa sababu antena yake ni ndogo kama yenyewe.

#23 Mwalimu_wa_Jioni
Nawashukuru nyote. Naleta matokeo.

Nilibadilisha hotspoti iwe gigahezi 2.4 na laptopu imeiona papo hapo. Nimeweka Firefox 115, na kwenye mipangilio ya Windows nikakuta kweli kuna anwani ya faili la proksi ya kampuni nisiyoijua. Nimeifuta, nikafungua tovuti ya chuo kwa Firefox, na imefunguka. Binti amesajili masomo yake.

Nilipopima kama alivyosema Bisibisi, simu ilionyesha mawimbi yamejaa na laptopu ikasoma asilimia 38. Tumefungua mfuniko wa chini na kukuta waya mmoja mweusi umekaa kando, haujashikizwa. Tumeushikiza, na sasa inasoma asilimia 71 mahali pale pale. Betri ya saa yenye nyaya nimeiagiza.

#24 Mkato_wa_Proksi
Faili la proksi, nililisema.

#25 Bi_Kiungo
Hujathibitisha chochote, kaka. Mwalimu amefuta proksi na kubadilisha kivinjari kwa wakati mmoja, kwa hiyo hatuwezi kujua ni lipi lililofungua mlango. Mwalimu, tafadhali jaribu tovuti ile ile kwa kivinjari cha zamani sasa, proksi ikiwa imeondolewa na tarehe ikiwa sahihi.

#26 Mwalimu_wa_Jioni
Nimejaribu. Kivinjari cha zamani kilifungua ukurasa wa mwanzo wa chuo, lakini ukurasa wa kuingilia kwa nambari ya usajili umeleta lile onyo la cheti.

#27 Bi_Kiungo
Ukurasa wa kuingilia huenda uko kwenye seva nyingine yenye cheti kingine. Hilo linaelekea upande wangu.

#28 Mkato_wa_Proksi
Na ukurasa wa mwanzo uliokuwa unagoma sasa unafunguka. Hilo linaelekea upande wangu. Faili la hosts hamjalitazama bado.

#29 Chai_ya_Tangawizi (Nairobi)
Naomba kuingilia kwa kuwa kisa changu kinafanana. Yangu ni ya mwaka 2013, niliipata katika duka moja la Luthuli Avenue. Wi-Fi ni nzuri, lakini nikichomeka diski ya nje kwenye tundu la USB la buluu, intaneti inalegea au inakatika kabisa. Nikiichomoa, inarudi. Fundi anasema ni virusi kwenye diski.

#30 Mzigo_wa_Deira
Si lazima iwe virusi. USB 3.0, ile ya tundu la buluu, hutoa kelele ya mawimbi kwenye eneo la gigahezi 2.4, na Intel yenyewe iliandika kuhusu jambo hilo mwaka 2012. Waya duni usio na kinga nzuri huzidisha. Hamia gigahezi 5 kama kadi inaweza, au chomeka diski kwenye tundu jeusi, au tumia waya mrefu zaidi ili diski ikae mbali na mashine.

#31 Bisibisi_Nyota
Au diski inanyonya umeme na tundu linashindwa. Ijaribu kwa diski yenye umeme wake kabla ya kununua waya.

#32 Mwalimu_wa_Jioni
Wakuu, jina la rauta limetoweka tena jioni hii, na safari hii sikuizima. Programu ya simu inasema iko chaneli ya 6.

#33 Bisibisi_Nyota
Basi chaneli ya 13 imetoka kwenye kesi. Fungua na kufunga skrini taratibu huku ukitazama orodha ya Wi-Fi. Jina likija na kupotea kadiri unavyoisogeza, waya umekatika kwenye bawaba.

#34 Mzigo_wa_Deira
Tusikimbilie kufunga. Mwalimu, rauta za siku hizi nyingi hurusha 2.4 na 5 kwa jina moja. Je, chaneli uliyoisoma ni ya 2.4, au simu ilikuwa kwenye 5 na hiyo ya 6 ni ya jirani?

#35 Bi_Kiungo
Na uangalie pia kwenye Device Manager, sehemu ya umeme ya kadi ya Wi-Fi, kama Windows imeruhusiwa kuizima ili kuokoa umeme. Orodha ikiwa tupu kabisa, hata majirani hawaonekani, basi kadi imelala na wala hatuzungumzii rauta. Majirani wanaonekana?

#36 Mwalimu_wa_Jioni
Majirani wawili wanaonekana, kati ya sita ninaowaona kwenye simu. Bawaba nimeisogeza, na mmoja kati ya hao wawili amepotea, kisha akarudi. Suala la gigahezi 5 nitalitazama kwenye rauta kesho, kwa sababu nambari ya siri ya kuingilia mipangilio imebandikwa chini yake na mtoto ameibandua.